Moshoeshoe, mufalme mwenye alikuwa anasema nyuma ya wote

Kila mutu mwenye amefanya kazi mu mugodi amekwisha kuona mukutano wenye kuharibika. Watu wanakaa, mukubwa anasimama, anasema yenye anataka, kisha anauliza kama kuko mwenye neno. Wote wananyamaza. Wanaitika na kichwa. Lakini wakitoka inje, njo mukutano wa kweli unaanza: mu njia, pa bistro, ku nyumba mbele ya sahani ya bukari. Kule kila mumoja anatosha yenye alificha. Na kesho yake kazi haiendi, na hakuna mwenye anajua juu ya nini.

Leo tunasimulia maisha ya mutu mwenye alijua huu ugonjwa, inapata sasa miaka karibu 200, na akautafutia dawa. Hakuwa wa inchi yetu. Alikuwa mufalme wa Basotho, kule kusini, mu milima yenye leo inaitwa Lesotho. Mwenye alipita mu migodi ya zahabu ya Johannesburg anawajua Basotho: wale wanaume wa kujifunika blanketi, wenye walishuka mu mashimo ya kule kwa zaidi ya miaka 100. Jina la mufalme wao linaandikwa Moshoeshoe, lakini linasomwa Moshweshwe. Ile namna ya kuandika ni wamisionari Wafaransa waliianzisha, na tutawaona mbele kidogo.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1786 mu kijiji cha Menkhoaneng. Baba yake, Mokhachane, alikuwa mukubwa wa ukoo mudogo tu. Kulikuwa wakubwa wengine wengi wenye kumupita kwa ngombe na kwa watu. Mutoto alipewa jina la Lepoqo. Mu Sesotho ni kusema mabishano, juu wakati alizaliwa kijiji kilikuwa mu mabishano makali ya ulozi, huyu anamusingizia yule. Tunaweza kusema kama alianza kusikia makelele ya watu wasiosikilizana tangu siku ya kwanza.

Na yeye mwenyewe hakuanza vizuri. Basotho hawafichi ile. Wanasimulia kama akiwa kijana alikuwa na hasira ya moto, na kama aliua watu kwa makosa madogo madogo, mambo yenye yangemalizika kwa maneno mawili. Nkambo wake Peete aliona hatari. Akamupeleka kwa Mohlomi, muzee mwenye alijulikana mu inchi zote za kule kwa udaktari wa miti, kwa safari zake na kwa akili. Mohlomi alimufundisha mambo machache. Asiue mutu kwa neno la ulozi. Awasaidie wenye kuwa na njaa. Aoe mu koo nyingi, ili kila upande apate shemeji. Na mu kesi atafute amani mbele ya kutafuta nani ameshinda. Moshoeshoe hakugeuka siku moja. Lakini ile mafundisho ilibaki ndani, na tutaona namna ilitoka.

Jina la Moshoeshoe lenyewe alilipata ku wizi wa ngombe. Zamani zile kijana alionyesha uhodari kwa kwenda kuteka mifugo ya jirani. Yeye aliteka ya Ramonaheng, akarudi, akajisifu kama amemunyoa ndevu, na jina linafuata sauti ya wembe ukipita ku mashavu: shwe-shwe.

Kisha kukaja miaka ya taabu. Kuanzia karibu 1821 vita viliingia mu ile inchi kutoka mashariki. Koo zilifukuzana, mashamba yakabaki bila watu, njaa ikakamata kila upande. Watu wengine walifika ku mambo yenye kinywa kinaogopa kusema: walianza kukula watu. Moshoeshoe alikuwa amejenga pa mulima wa Butha-Buthe. Batlokwa wakamuzunguka pale, watu wake wakaumia na njaa, na aliona kama hawatapona mara ya pili. Katikati ya 1824 aliwaondosha wote, na wazee, na watoto, na ngombe, wakasafiri siku kama 9 mu baridi kwenda kutafuta mulima mwengine, mwenye juu palikuwa tambarare kubwa, na chemchemi za maji, na kando zake mawe ya kusimama kama ukuta. Unaitwa Thaba Bosiu, Mulima wa Usiku.

Mu ile safari wale wenye walikuwa na miguu mizito walibaki nyuma. Kati yao alikuwa Peete, nkambo wake. Watu wa mutu mumoja mwenye jina Rakotsoane walimukamata, wakamukula.

Hapa tusimame kidogo, juu ni pale alianza kuonekana mufalme wa namna gani. Siku ilifika, wale watu wa Rakotsoane wakakamatwa, wakaletwa mbele yake. Watu wake walitaka damu. Ilikuwa haki yao, na hakuna desturi yenye ingewakataza. Mukubwa mwengine angefanya moja ya mambo mawili: angewapa watu damu yenye wanataka, ao angewakatalia kwa nguvu na kuwaacha na uchungu mu tumbo. Moshoeshoe alitafuta njia ya tatu, na aliitafuta ndani ya desturi yenyewe. Aliwaambia kama miili ya hawa watu sasa ni kaburi la nkambo wake, na kaburi la wakubwa haliharibiwi. Wakachinja ngombe, wakawapakaa mavi ya tumbo la ngombe, sawa vile walikuwa wanafanya ku makaburi. Kisha akawapa mifugo na mahali pa kukaa, waache ile kazi yao.

Hakuna mutu alipata jibu. Namna gani utabisha? Ukisema tuwaue, unasema tuvunje kaburi la Peete. Mimi nafikiri kama watu wengine walirudi nyumbani na uchungu ule ule. Lakini uchungu haukupata mulango wa kutokea, na wale wakula-watu wakawa watu wake wa kulima.

Inafaa kuelewa juu ya nini alilazimishwa kufanya vile. Moshoeshoe hakuwa na polisi. Hakuwa na jela. Askari wake walikuwa ni wanaume wenyewe wa vijiji, kila mumoja chini ya mukubwa wake. Na watu wake hawakuwa wa damu moja: walikuja wakikimbia vita, huyu wa ukoo huu, huyu wa luga ingine. Moorosi na Baphuthi wake, Moletsane na Bataung wake, walikuwa wakubwa wazima mu haki yao. Mwenye hakufurahi aliweza kufunga mizigo usiku, na watu wake na ngombe zake, kwenda kwa mufalme mwengine. Wengine walifika mbali sana: watu wa Sebetwane, wenye walitoka mu zile inchi wakati wa ile vita, walitembea mupaka Zambezi, na luga yao inasikika hata leo kwa Walozi wa Zambia. Kwa hiyo kupiga meza hakukusaidia kitu. Mutu alibaki kwa sababu alitaka kubaki.

Kwa masikini Moshoeshoe alikuwa na dawa ya ngombe. Alimuazima mutu ngombe, mutu anazichunga, anakunywa maziwa, anatumia mavi yake, lakini ngombe inabaki ya mufalme. Wanaita mafisa. Mutu mwenye amepewa ngombe hakimbii haraka.

Lakini kwa mabishano, dawa ilikuwa pitso.

Pitso ni mukutano wa wanaume wote wa inchi. Neno likiwa kubwa, vita ao amani ao sheria mupya, wajumbe walienda ku vijiji vyote kuita watu. Waliketi chini pa uwanja, wamezunguka, mufalme na wakubwa mbele. Mufalme alifungua, akaeleza neno ni nini. Kisha alinyamaza. Na kunyamaza huku ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Kila mwanaume aliweza kusimama: mukubwa, muchungaji, mugeni wa juzi. Aliweza kumwambia mufalme mbele ya wote kama amekosa, kama anapendelea watoto wake, kama anawaharibu watu na vita visivyo na faida. Desturi ilikuwa moja na nguvu sana: neno lenye limesemwa mu baraza halifuatwi na kesi. Mutu akirudi nyumbani, hapana kumuita kesho kumuuliza juu ya nini ulisema vile.

Mumisionari Eugène Casalis, mwenye alikaa kule miaka zaidi ya 20 na akaandika kitabu ku Ufaransa mu 1859, alishangaa kuona mufalme anavumilia vile. Mu Ulaya ya wakati ule maneno kama yale mbele ya mufalme yalikuwa ya kupeleka mutu ku jela.

 Mufalme alisema wa mwisho kabisa. Alikusanya yote: huyu alisema hivi, yule alikataa kwa sababu hii, wale waliogopa jambo hili; kisha akatoa neno lake. Hawakuhesabu mikono. Mufalme akiona kama baraza limepasuka kabisa, aliacha neno lilale, wataitana tena. Watu walichoka, ni kweli. Pitso iliweza kukula siku muzima, na kesho tena. Lakini wakati neno lilikatwa, kila mutu alikuwa amesikia sauti yake ndani yake, hata kama ilikuwa ile ya kushindwa.

Tusiseme kama ilikuwa kitu kisicho na kasoro. Wanawake hawakuingia, na mama mwenye anasoma hapa atauliza vizuri namna gani wanaume wenyewe walikata maneno ya mashamba yenye wanawake walikuwa wanalima. Tena, mbele ya pitso mufalme alikuwa amekwisha kuzungumuza na ndugu zake na washauri wake, usiku, ku moto. Mara nyingi alijua mbele wapi maneno yataangukia. Mutu wa hila aliweza kusema kama pitso ilikuwa paka kivuli. Lakini ile ya usiku ilikuwa ni kupima, na ilitokea kama alipima vibaya, na inje watu wakamukatalia.

Mu 1831 askari wa Mzilikazi, Wandebele, walikuja kupanda Thaba Bosiu. Basotho waliwaangushia mawe, Wandebele wakashindwa, wakaanza kurudi na njaa. Moshoeshoe akawatumia ngombe za kukula njiani, na salamu kama anajua walikuja juu ya njaa. Fikiri vijana wenye walipigana asubuhi wakiona zile ngombe nzuri zinaondoka mangaribi kwenda kwa adui. Lakini Mzilikazi hakurudi tena.

Wamisionari wa Paris, Casalis, Arbousset na Gosselin, walifika mu 1833. Moshoeshoe alikuwa amewatafuta yeye mwenyewe: alisikia kwa muwindaji mumoja, Adam Krotz, kama kuko watu wenye kuleta mafundisho na amani, akatuma ngombe za kununua mumisionari. Wezi walizikamata njiani. Wamisionari walifika hata hivyo.

Hapo mabishano yakaingia ndani ya nyumba yake. Wamisionari walitaka aache jando, aache wanawake wengi, aache dawa za waganga. Wazee wake walisema kama akiacha yale hatakuwa mufalme tena, atakuwa mutoto wa wazungu. Wana wake wengine walisoma na kubatizwa. Mumoja, Molapo, kisha akarudilia desturi za zamani. Wake zake wengine walibatizwa, akawapa ruhusa ya kuondoka mu ndoa. Lakini yeye mwenyewe alibaki katikati kwa miaka 37. Siku ya Mungu alisikiliza mahubiri, na kisha mahubiri alisimama kuwaeleza watu wake yale maneno. Siku ingine alikaa na waganga. Mu 1862, wakati wakatoliki walifika na Askofu Allard na Padri Gérard, waprotestanti hawakufurahi hata kidogo. Aliwapa mahali pa kujenga, pale penye leo panaitwa Roma. Wengine walimuita mutu wa mioyo miwili. Inawezekana. Lakini inchi yake haikupasuka juu ya dini, na mu zile miaka inchi ingine nyingi zilipasuka.

Ku maneno mengine alikuwa na msimamo. Mu 1854 alitoa sheria ya kukataza pombe kali ya wazungu kuingia mu inchi. Mu 1855, sheria ya kukataza kuua mutu juu ya ulozi. Ni maneno ya Mohlomi yale, yalikaa ndani yake miaka zaidi ya 40 mbele ya kutoka. Mu 1859, sheria ya biashara. Ziliandikwa mu Sesotho na kupigwa chapa. Na hakuona haya kueleza wazungu kama mufalme wa Basotho hatoi sheria pasipo watu wake kukubali, hata pale wazungu walikuwa wanamuharakisha aweke sahihi na kumaliza.

Wazungu njo waliharibu raha yake. Makaburu walitoka Cape wakaingia mu mashamba mazuri ya mangaribi, kando ya muto Caledon, kwanza wakiomba kupitisha mifugo, kisha wakisema udongo ni wao. Waingereza walipiga mistari ya mipaka, mustari wa 1849 ukamukatia Moshoeshoe udongo mwingi. Wanawe na ndugu yake Posholi hawakuvumilia: walikuwa wanaendelea kuteka ngombe za Makaburu. Hapa tunaona udhaifu wa ile namna yake ya kutawala. Mu pitso wote walikubali amani. Lakini hakukuwa mutu wa kumuzuia Posholi ile usiku alipanda farasi. Mufalme alikemea, alilipa fidia na ngombe zake mwenyewe, na mwaka wenye ulifuata ikaanza tena.

Mu Desemba 1852 Gavana Cathcart alifika na askari wa Waingereza, akadai ngombe 10000 na farasi 1000, mu siku 3. Moshoeshoe alikusanya ngombe 3500. Hazikutosha. Tarehe 20 Waingereza walipanda kilima cha Berea, kando ya Thaba Bosiu, wakakutana na wapanda-farasi wa Basotho wenye bunduki. Vita vilienda vibaya kwa Waingereza. Walipata ngombe elfu kadhaa, lakini walipoteza watu, na usiku Cathcart alikuwa anafikiri namna ya kutoka.

Ile usiku mulima wote ulikuwa na furaha. Moshoeshoe hakuita pitso. Angeiita, vijana wangesema kesho tuwamalize, na nani angewajibu? Alimuita mwana wake Nehemia, mwenye alisoma kwa wamisionari, akamuandikisha barua kwa Cathcart: ameonyesha nguvu yake, ameadhibu, amechukua ngombe, sasa yatoshe, Basotho wataendelea kutengeneza watu wao. Mwenye alishinda aliomba amani kama mwenye kushindwa. Cathcart alikamata ile barua na mikono miwili, akatangaza kama ameshinda, akaondoka.

Kuko watu wenye kusema kama hapa alivunja desturi yake mwenyewe. Ni kweli, aliivunja. Wanawe walibisha kisha, na wengine waliona haya kwa kuomba. Lakini kuna maneno yenye hayangoji asubuhi. Kama kapita anaona mawe yanaanza kulia juu ya vichwa, haiti mukutano. Anatosha watu, na kisha anakubali kuulizwa. Moshoeshoe alikubali kuulizwa. Ile njo tofauti.

Mu 1858 Makaburu wa Orange Free State walikuja mupaka chini ya Thaba Bosiu. Basotho wakapita nyuma yao kuteka mashamba yao, wakarudi mbio nyumbani kuyaokoa. Lakini mu 1865, wakati wa Rais Brand, vita vilikuwa vingine. Basotho wanaviita Seqiti, ni sauti ya mizinga. Kamanda Louw Wepener alikufa mu mwezi wa nane akipanda mulima, na mulima haukukamatwa. Lakini juu palikuwa mifugo elfu na elfu, imesongana, hakuna maji ya kutosha, ikafa na kiu ikilia usiku na muchana mupaka watu wakaziba masikio. Chini, Makaburu walikuwa wanachoma masorgo mu mashamba.

Njo wakati nyumba ilipasuka. Moshoeshoe alikuwa muzee wa miaka karibu 80. Mu machi 1866 Molapo, mwana wake wa pili, mwenye alitawala kaskazini, alifanya amani yake peke yake na Makaburu, akakubali kuwa mutu wao. Hakuna pitso iliyomupa ile ruhusa. Tusimuhukumu haraka: watu wake walikuwa wanakufa, na Makaburu walikuwa karibu naye kuliko wengine. Lakini mwezi wenye ulifuata, baba yake, akiwa amebaki na nusu ya nguvu, alilazimishwa kutia sahihi mapatano ya Thaba Bosiu, yenye yalimunyanganya sehemu kubwa ya mashamba ya kulima. Basotho waliita ile amani ya masorgo, juu walikubali paka ili wapate muda wa kuvuna. Wakavuna. Kisha wakakataa kutoka ku mashamba, na mu 1867 vita vikaanza tena.

Mufalme hakumufukuza Molapo. Wengine walitaka atangazwe adui. Moshoeshoe aliacha mulango wazi, akaendelea kutuma wajumbe kwake kama kwa mutoto mwenye amekasirika. Wakati inchi ilipata mulinzi mwengine, Molapo alirudi ndani ya Basotho pamoja na watu wake na udongo wake. Kama angemukatia njia, ile sehemu ya kaskazini pengine leo ingekuwa ya inchi ingine.

Mulinzi alikuwa Malkia wa Uingereza. Moshoeshoe alikuwa anamubembeleza tangu zamani, na sharti lake lilikuwa moja: Malkia atawale wakubwa wa Basotho kupitia yeye, na Basotho wabaki na desturi na sheria zao. Tarehe 12 Machi 1868 Gavana Wodehouse alitangaza kama Basotho ni watu wa Malkia. Mwaka wenye ulifuata Waingereza na Makaburu walikaa Aliwal North na kukata mipaka, Basotho hawakuulizwa. Mashamba ya ngambo ya Caledon yalipotea na hayajarudi mupaka leo. Lakini inchi ilibaki inchi. Mwenye anaangalia ramani anaona Lesotho muzima katikati ya Afrika ya Kusini, kama jicho.

Alikufa tarehe 11 Machi 1870, juu ya mulima wake, na kaburi lake liko kule. Waprotestanti na wakatoliki walikuwa wanashindana nani atamubatiza. Kifo kilipita mbele yao wote.

Aliacha neno moja lenye hakufaulu. Mwana wake mukubwa, Letsie, ku nyumba yake ya kwanza alipata mutoto mwanamuke tu, Senate. Moshoeshoe alimupenda sana huyu mujukuu, akataka kama kisha Letsie, ufalme upite kwa mutoto wa Senate, mwenye jina Motsoene. Alilisema wazi akiwa muzima. Watu walisikiliza kwa heshima. Na wakati Letsie alikufa mu 1891, wakubwa walimuweka Lerotholi, mutoto mwanaume wa nyumba ya pili. Mufalme mwenye aliwazoesha kusema hapana, mwisho walimwambia hapana na yeye.

Lakini mbele ya ile kulikuwa neno la bunduki. Mu miaka ya 1870 almasi ya Kimberley iliita watu, na vijana wa Basotho walienda kwa maelfu kuchimba. Kazi ya miezi michache ilileta bunduki ku nyumba. Serikali ya Cape, yenye Waingereza walikuwa wameipa ile inchi mu 1871, iliogopa, ikaamua kama Basotho watoe silaha. Mu 1879 waziri mukubwa wake, Sprigg, alikuja mwenyewe mu pitso. Watu waliketi chini, wakasimama mumoja mumoja, wakasema kwa adabu na kwa urefu: hizi bunduki tulizinunua na jasho la mashimo, hatukuziiba, na tumekuwa waaminifu kwa Malkia. Sprigg alisikiliza. Lakini yeye alikuja na neno lenye lilikuwa limekwisha kukatwa Cape Town.

Letsie, sasa mufalme, alitii. Ndugu yake Masopha alikataa, akapanda Thaba Bosiu, na vijana wakamufuata. Vita vilianza mu 1880, Cape ikatumia pesa nyingi na haikushinda. Mu mapatano ya 1881 Basotho waliruhusiwa kubaki na bunduki wakilipa kodi yake, kodi yenye wengi hawakuilipa. Mu 1884 Cape ilichoka na ile inchi, ikairudisha mikononi mwa Malkia. Na wanaume waliendelea kushuka Kimberley, kisha Johannesburg, na blanketi ku mabega.